Mkono Langoni: Safari ya Lahore na Mchezo wa Majirani Wawili

Kutoka Lahore hadi Amritsar ni mwendo wa takriban kilomita 50, usiopishana sana na ule wa kutoka Mombasa hadi Kilifi. Barabara ni ile kongwe ambayo wafanyabiashara, wanazuoni na majeshi wameipita kwa karne nyingi. Lugha ya pande zote mbili ni Kipunjabi, ngano inayopandwa kushoto na kulia ni ile ile, na mkate wa tanuri ni ule ule. Hata hivyo, katika siku zote tulizokaa Lahore hatukukutana na kijana hata mmoja aliyewahi kufika Amritsar. Walituhadithia habari za Dubai, za Jeddah na za Birmingham. Mji wa jirani waliujua kwa jina tu.

Tulifika huko Novemba 2018, tukiwa watu watano wa Mombasa na Malindi, baada ya kuhudhuria ijtimai ya Raiwind, mji mdogo ulio kando ya Lahore. Mwezi huo hewa ya Punjab huwa nzito kwa moshi wa mabua yanayochomwa mashambani, ukichanganyika na moshi wa magari na viwanda, hata jua la adhuhuri likaonekana kama taa iliyofunikwa shashi. Mwenyeji wetu, mzee mmoja mstaafu aliyesomesha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, alituambia kwamba moshi huo ndio msafiri pekee asiyeulizwa pasipoti, kwa kuwa huvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Yeye ndiye aliyetupeleka Wagah.

Wagah asili yake ni kijiji, lakini siku hizi ukilitaja jina hilo watu hufahamu lango. Tangu mwaka 1959, kila siku kabla ya jua kuzama, askari wa Pakistan na wa India huteremsha bendera zao kwa pamoja mahali hapo. Wa Pakistan huvaa nguo nyeusi, wa India huvaa kaki, na wote huvaa vilemba vyenye shungi lililosimama mfano wa upanga wa jogoo. Hurusha miguu juu hadi karibu na paji la uso, hukanyaga chini kwa kishindo, hukunjiana nyuso na kutunisha vifua. Watazamaji huketi kwenye majukwaa kama ya uwanja wa mpira, nao hushindana kwa sauti, huku wakiitakia maisha Pakistan, kule wakiitakia maisha India. Upande tuliokaa sisi akina mama walikuwa na sehemu yao, na tunakiri kwamba sauti zao ndizo zilizovuka lango kwanza.

Katikati ya vishindo vyote hivyo kuna kitendo kimoja kifupi mno, ambacho mgeni asipoambiwa mapema kitampita. Lango hufunguliwa, askari mmoja wa kila upande husogea, na wawili hao hupeana mkono. Mara moja tu, kwa haraka, mfano wa mtu aliyegusa chungu kilicho motoni. Kisha bendera hushuka sambamba, ili hii isionekane imeitangulia ile, na lango hufungwa. Mwenzetu mmoja wa Malindi, mtu wa maneno machache, alisema alipokuwa akitafuta viatu vyake kwenye msongamano: "Mimi nimeuona ule mkono tu."

Kuelewa kwa nini mkono huo ni jambo zito, yatubidi turudi mwaka 1947. Waingereza walipokuwa wakiondoka, mpaka wa kuigawa Punjab ulichorwa na tume iliyoongozwa na wakili aitwaye Cyril Radcliffe, ambaye kabla ya kazi hiyo hakuwahi kuikanyaga India, na aliyepewa muda wa takriban wiki tano tu. Lahore ikaangukia Pakistan, Amritsar ikabaki India. Zaidi ya watu milioni kumi walihama makwao, wengine kwa treni, wengine kwa mikokoteni, wengi kwa miguu. Mamia ya maelfu waliuawa, Waislamu, Wahindu na Masingasinga, ambao hapa kwetu tumezoea kuwaita Makalasinga. Kila upande una makaburi yake, na kila upande huyahesabu ya kwake.

Sisi wa pwani tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Mafundi na vibarua walioshuka bandarini Mombasa kuanzia mwaka 1896 kuja kujenga reli, wengi wao walitoka katika Punjab hiyo kabla haijakatwa. Walikuja wakiwa watu wa nchi moja. Wajukuu wao, waliozaliwa hapa hapa, walijikuta siku moja wanaulizwa ikiwa wao ni Wahindi au Wapakistani, na jibu likategemea mahali ambapo wakili mgeni aliiinamisha kalamu yake.

Waingereza waliacha mambo machache ambayo pande zote mbili ziliyapokea bila ugomvi, nayo ni reli, chai ya maziwa, na kriketi. Kwa mama ambaye mchezo huu ameuona kwenye televisheni tu na kuudhani ni watu wenye nguo nyeupe wanaosubiri jambo lisilokuja, tueleze kwa ufupi. Mrushaji anajaribu kuviangusha vijiti vitatu vilivyosimama nyuma ya mpigaji. Mpigaji anavilinda kwa gongo lake la mbao, na akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na kila mkimbio ni alama. Timu yenye mikimbio mingi hushinda. Kuna mechi za saa chache, kuna za siku nzima, na kuna za siku tano. Mchezo wa siku tano una mapumziko ya chakula cha mchana na ya chai, na humo ndimo siri yake ilimo, kwa sababu watu hawawezi kukaa pamoja siku tano, wakila na kunywa, bila ya kuulizana habari za nyumbani.

Pakistan ilicheza mechi yake ya kwanza ya aina hiyo mjini Delhi, Oktoba 1952, miaka mitano tu baada ya damu ile. Nahodha wake, Abdul Hafeez Kardar, mzaliwa wa Lahore, alikuwa ameichezea India huko Uingereza mwaka 1946. Nahodha wa India, Lala Amarnath, alikuwa Mhindu aliyejifunza mchezo huo katika mitaa ya Lahore. Hivyo wanaume wawili waliosimama Delhi kurusha sarafu ya kuanza mchezo walikuwa wamelelewa na mji mmoja. India ilishinda mechi hiyo. Katika iliyofuata, mjini Lucknow, Pakistan ilishinda kwa mkono wa mrushaji Fazal Mahmood, naye pia wa Lahore, aliyewatoa wapigaji 12.

Huyu Fazal ana kisa ambacho twapenda vijana wetu wakijue. Mwaka 1947 alikuwa bado yumo katika kikosi cha India kilichokuwa kikijiandaa kwenda Australia, na machafuko yalipoanza alikuwa kambini Poona, mbali na kwao. Ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake kwamba akiwa ndani ya treni watu wenye chuki walitaka kumdhuru kwa kuwa ni Mwislamu, na aliyesimama mbele yao akiwa ameshika gongo la kriketi ni C. K. Nayudu, Mhindu, nahodha wa kwanza wa India. Fazal alifika Lahore salama, akaamua kuwa Mpakistani, na miaka mitano baadaye akarudi kuwashinda India kule Lucknow.

Tulipelekwa pia kuiona bustani ya Bagh-e-Jinnah, yenye miti mikubwa na njia za kivuli, ambamo mna uwanja wa zamani wa kriketi. Mahali hapo ndipo India ilipocheza mapema mwaka 1955, na kwa ajili ya mechi hiyo mpaka ulifunguliwa. Maelfu ya watu wa Amritsar na vijiji vyake walivuka na kuingia Lahore, wengi wao kwa mara ya kwanza tangu walipoikimbia. Mechi yenyewe haikupata mshindi, wala zile nne nyingine za ziara hiyo hazikupata. Tano kwa tano, sare tupu! Wataalamu wa mchezo huuita msimu huo kuwa wa kuchosha. Mwenyeji wetu, aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo, hakumbuki mkimbio hata mmoja. Anakumbuka kwamba baba yake alirudi nyumbani na mtu mwenye kilemba, na kwamba wanaume hao wawili waliketi barazani wakilia, naye akafukuzwa akacheze nje.

Baada ya hapo zilikuja vita vya mwaka 1965 na vya mwaka 1971, na kuanzia 1961 hadi 1978 timu hizo hazikukutana kabisa katika mechi za nchi kwa nchi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1961 alifikia umri wa kuoa pasipo kumwona mchezaji wa India akikanyaga nyasi za Lahore. Michezo iliporudi, watawala nao waliigundua faida yake. Rais Zia-ul-Haq alikwenda Jaipur mwaka 1987 kutazama kriketi wakati majeshi yalikuwa yamekusanywa mpakani. Rais Musharraf alikwenda Delhi mwaka 2005. Waziri Mkuu Gilani alialikwa Mohali na Waziri Mkuu Manmohan Singh mwaka 2011. Picha zao wakitabasamu zipo. Sisi hatuzidharau, maana siku ambayo wakubwa wameketi kwenye kiti kimoja ni siku ambayo mizinga imenyamaza. Lakini daraja tulilokwenda kulitafuta Lahore hatukulikuta katika picha hizo. Tulilikuta katika nyumba ya mwenyeji wetu, jikoni.

Habari ilikuwa hivi. Machi 2004 timu ya India ilifika Pakistan kwa ziara kamili ya kwanza baada ya takriban miaka 15. Serikali ya Pakistan ilitoa maelfu ya viza kwa mashabiki wa India. Karachi ndiyo iliyoanza. India ilipata mikimbio 349, Pakistan ikaifukuzia hadi 344, na watu wa Karachi, ambao timu yao ilikuwa imeshindwa kwa mikimbio mitano tu, waliwapigia makofi wageni. Lahore ilipangiwa mechi mbili, tarehe 21 na 24. Hoteli zilijaa. Mwenyeji wetu alikutana mjini na familia ya Kisingasinga kutoka Amritsar, baba, kijana wake na bibi mzee, wakiwa na mabegi yao na hawana pa kulala. Akawachukua kwake.

Mkewe alitueleza yaliyobaki kutoka upande wa pili wa pazia, kwa Kiurdu, na mumewe akitufasiria. "Alinipigia simu akaniambia, mama watoto, ninakuja na wageni watatu, na mmoja ni mtu mzima," alisema. "Sikumuuliza ni wa wapi. Aliponiambia hawali nyama, ndipo nilipojua." Nyumbani kwake kila sufuria ilikuwa imepikiwa nyama. Akamtuma mwanawe mbio sokoni akanunue sufuria mbili mpya na kikaango, akapika dengu, viazi na mchicha, na akahakikisha kwamba bibi yule ameona karatasi ya dukani ikibanduliwa kwenye sufuria. Tulimwuliza sababu ya kufanya hivyo. Alijibu kwamba mgeni hapaswi kula huku moyo wake una shaka, wala hapaswi kulazimika kuuliza.

Katika nyumba hiyo alikuwamo mama mzazi wa mwenyeji wetu, aliyekuwa hai wakati huo. Yeye alizaliwa Amritsar, akahamia Lahore mwaka 1947 akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Na yule bibi mgeni alizaliwa Lahore, karibu na lango la Shah Alami katika mji mkongwe, akakimbilia Amritsar mwaka ule ule. Wanaume walikwenda uwanjani. Hao wawili hawakwenda, wala hawakuomba televisheni iwashwe. Waliketi jikoni kwa siku nne wakisemezana kwa Kipunjabi, kila mmoja akimwuliza mwenzake habari za mji wake. Kisima cha mtaa fulani kingalipo? Mti ule wa mkunazi? Yule muuza maziwa aliyekuwa akidanganya vipimo, aliacha wajukuu? Mke wa mwenyeji wetu alisema alikuwa akiingia kuchukua chumvi na kutoka kimya kimya, kwa sababu ilionekana kana kwamba Amritsar na Lahore zote mbili zimo mle ndani na hapana nafasi ya mtu wa tatu.

Siku ya tatu walimpeleka bibi mgeni Shah Alami. Mtaa ule uliteketezwa kwa moto mwaka 1947, na ulipojengwa upya ukawa soko. Penye nyumba yao palikuwa na duka la vitambaa. Alisimama, akaingia, akagusa ukuta ambao haukuwa ukuta wao. Mwenye duka, kijana tu, alipoelezwa bibi huyu ni nani, alishusha shali kutoka rafuni akamfunika mabegani, na pesa akakataa katakata. India ilishinda mechi zote mbili za Lahore. Mwenyeji wetu anasema aliumia kweli kweli kwa sababu ya mechi ile ya pili. Tulipenda ukweli wake huo. Hakutaka kutuaminisha kwamba ukarimu ulimfanya asiwe shabiki.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya upande wa pili. Pakistan ilicheza Mohali, karibu na mji wa Chandigarh, na watu wa Chandigarh wakawafungulia Wapakistani nyumba zao. Mwenyeji wetu alivuka Wagah kwa miguu, akapokewa upande wa pili, na akakaa Amritsar siku mbili kabla ya kwenda uwanjani. Alirudi na udongo kidogo ndani ya kitambaa kwa ajili ya mama yake.

Msomaji atauliza ikiwa mchezo wenyewe ndio uliofanya hayo. Sisi twaona kwamba mchezo ni udhuru, tena udhuru mzuri, wa kulifungua lango. Mpira peke yake haupatanishi mtu. Januari 1999, kabla ya Pakistan kucheza Delhi, wenye chuki waliufukua uwanja usiku ili mechi isichezwe. Mwezi huo huo, mjini Chennai, Pakistan iliifunga India kwa mikimbio 12 baada ya Sachin Tendulkar kupiga 136 huku mgongo ukimuuma, na umati wa Chennai ulisimama kuwapigia makofi Wapakistani walipouzunguka uwanja. Nchi ile ile, mwezi ule ule. Februari Waziri Mkuu Vajpayee alikwenda Lahore kwa basi kutafuta amani. Kufikia Juni, timu hizo zilipokutana Manchester katika Kombe la Dunia, askari wa nchi mbili walikuwa wakiuana katika milima ya Kargil.

Na kuna uchafu ambao hatutaufunika. Kriketi ya Sharjah, ambako Javed Miandad aliupiga mpira wa mwisho nje ya uwanja mwaka 1986 na kuwafanya Wapakistani wasahau usingizi, iliandamwa na tuhuma za kamari hata mwaka 2001 serikali ya India ikaizuia timu yake isicheze huko. Kamari ni haramu hata mchezo ukiwa wa kusifiwa vipi, na wazazi wanaowaona vijana wao wameinamia simu usiku wa mechi na waulize kinachoangaliwa ni mchezo au ni dau. Kuna pia mzigo wanaobebeshwa Waislamu wa India. Irfan Pathan, aliyeisaidia India kuishinda Pakistan katika ziara ile ya 2004, ni mtoto wa muadhini aliyelelewa katika nyumba ya msikiti mjini Vadodara. Hata hivyo, Mohammed Shami alitukanwa mitandaoni kwa dini yake mwaka 2021, baada ya India kushindwa na Pakistan huko Dubai. Nahodha wake, Virat Kohli, alijitokeza kumtetea hadharani bila kupindapinda, na usiku wa mechi hiyo alikuwa amemkumbatia mpigaji wa Pakistan, Mohammad Rizwan, mbele ya kamera zote. Haki ni kuyataja yote mawili.

Lango lilifungwa pole pole baada ya mashambulizi ya Mumbai ya Novemba 2008. Machi 2009, basi la timu ya Sri Lanka lilishambuliwa kwa risasi Lahore kwenyewe, likielekea Uwanja wa Gaddafi, na polisi sita waliuawa wakiwalinda wageni. Tulipita kwenye mzunguko huo wa barabara, mwenyeji wetu akapunguza mwendo na kuwasomea Fatiha. Kwa miaka mingi hapakuwa na timu kubwa iliyothubutu kwenda. India na Pakistan hazijachezeana mechi ya siku tano tangu Desemba 2007, wala hazijatembeleana kwa ziara yoyote tangu Januari 2013. Hukutana tu katika mashindano ya mataifa mengi.

Mama wa mwenyeji wetu alifariki mwaka 2012. Familia ya Amritsar ilitaka kuja kutoa pole na haikupata viza. Badala yake bibi yule alitengeneza achari ya maembe, aina ambayo marehemu aliisifu, akampa jamaa aliyefanya kazi Dubai. Chupa ile ilipanda ndege hadi Dubai, ikakaa huko wiki kadhaa, kisha ikapanda ndege nyingine hadi Lahore. Maelfu ya kilomita, kwa jambo lililo umbali wa kilomita 50. Tuliikumbuka mapema mwaka 2025, Pakistan ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa na India ikakataa kuvuka, hivyo mechi zake zote, pamoja na fainali, zikachezwa Dubai. Timu nayo ilishika njia ya achari.

Wanawake wa nchi hizo wamekuwa na historia yao. Machi 2022, huko New Zealand, India iliishinda Pakistan katika Kombe la Dunia la wanawake. Nahodha wa Pakistan, Bismah Maroof, alikuwa amefuatana na binti yake Fatima, mtoto wa miezi sita. Mechi ilipokwisha, wachezaji wa India walimzunguka mama na mtoto, wakamchezesha, wakapiga picha naye, na picha hiyo ikazunguka dunia. Na tukitoka kidogo nje ya kriketi, Agosti 2024 mjini Paris, Arshad Nadeem wa Pakistan alirusha mkuki mita 92.97 akamshinda Neeraj Chopra wa India, na mama yake Neeraj alipoulizwa alisema kwamba huyo aliyechukua dhahabu naye ni mtoto wao. Mama yake Arshad alisema maneno ya namna hiyo hiyo kumhusu Neeraj. Hatujui mwanadiplomasia aliyewahi kusema zaidi kwa maneno machache hivyo.

Aprili 2025 watalii waliuawa Pahalgam, Kashmir, na Mei nchi hizo mbili zikarushiana makombora kwa siku nne. Pale Wagah upande wa India uliamua kwamba sherehe ya jioni ifanyike lango likiwa limefungwa, na mkono wa askari wawili ukaondolewa. Septemba, mjini Dubai, wachezaji wa India walikataa kupeana mkono na wa Pakistan, na walipotwaa kombe wakakataa kulipokea kutoka kwa mkuu wa kriketi wa Pakistan. Tarehe 5 Oktoba, mjini Colombo, wanawake wakakutana. Nao hawakupeana mkono.

Sisi tuliolelewa madrasa tulifundishwa kutoa mkono kabla ya kufundishwa kuandika jina. Huo mkono mtu huutoa hata kwa yule ambaye jana walikosana, na pengine kwa huyo zaidi. Twafahamu kwamba waliofiwa Pahalgam, na waliofiwa upande wa pili Mei ile, wana machungu ambayo mtu wa Mombasa hana haki ya kuyapima. Lakini kuwatwika wasichana wenye magongo mzigo ambao majemadari wameshindwa kuutua, hilo twaliona si sawa.

Baada ya mechi ya Colombo tulimwandikia mwenyeji wetu kumjulia hali. Alijibu kwamba hatazami tena kriketi ya India na Pakistan, amebaki na redio na wajukuu. Kisha akaandika habari ya usiku mmoja wa Mei, ving'ora vilipolia Lahore na taa zikazimwa. Mkewe alichukua simu akaingia chini ya blanketi ili mwanga usionekane dirishani, akamtumia mkwe wa yule bibi wa Amritsar ujumbe wa maneno mawili, kuuliza kama wako salama. Amritsar nako walikuwa wamezima taa. Jibu lilifika karibu na alfajiri. "Sisi wazima, dada. Na nyinyi?"